Usiache Kidonge Chako kwa Kuingoja Dawa ya Majaribio

Juma lililopita kijana aliyegundulika na homa ya ini aina ya B alipokwenda kuchangia damu aliniandikia akiuliza kama anaweza kusimamisha vidonge vyake vya tenofovir mpaka dawa mpya za kuamsha kinga ya mwili zitakapopatikana. Niliusoma ujumbe wake mara tatu, kwa kuwa mwaka 2019 nilifanya jambo hilo hilo.

Wakati ule nilikuwa nikiifuatilia dawa ya majaribio iitwayo inarigivir. Tenofovir huzuia virusi visizaliane, lakini haiiondoi DNA yao iliyojificha ndani ya kiini cha seli za ini, ndiyo maana wengi wetu huimeza kwa miaka mingi. Inarigivir ilikusudiwa kuamsha kinga ya asili ndani ya seli hizo ili mwili wenyewe uvikabili. Mchumba wangu alikuwa ameniacha kwa sababu ya ugonjwa huu, na kwa uchungu ule sikutaka kusikia neno lolote isipokuwa kupona. Nikakificha kichupa cha vidonge chini ya nguo sandukuni.

Baada ya miezi mitatu mkojo ulifanana na chai ya rangi, na asubuhi moja nikinyoa ndevu nikaona weupe wa macho umegeuka manjano. Muuguzi hakunigombeza, alivimwaga vidonge vilivyobaki juu ya karatasi, akavihesabu kimoja kimoja, akaandika idadi kwenye kadi yangu. Aibu ile ninayo hadi leo. Januari 2020, nikiwa nimesharudi kwenye dawa, ikatangazwa kwamba majaribio ya inarigivir yamesitishwa baada ya mgonjwa mmoja kufariki. Kabla yake dawa nyingine ya majaribio, vesatolimod, iliamsha kinga kweli, lakini haikupunguza antijeni ya virusi, yaani protini yao inayopimwa kwenye damu, kwa kiwango cha maana.

Ndugu zangu, sipingi utafiti. Tuliokuwa tukiishi na virusi hivi mwaka 2022 tulikadiriwa kufikia milioni 254, na tunahitaji tiba. Anayetaka kushiriki aingie katika jaribio lililosajiliwa, aisome fomu ya ridhaa neno kwa neno, aulize ini lake litapimwa mara ngapi na nani atagharamia matibabu akidhurika. Asinunue dawa ya majaribio kwa mtu wa mtandaoni. Na asiache kidonge bila daktari, narudia, asikiache.

Kijana nimemwambia avihesabu vidonge vyake usiku huu huu, na vikiwa havifiki vya wiki moja, kesho aende kliniki mapema.