Mfundisheni Stevens, pamoja na doa lake

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: ni mwanasiasa gani wa karne ya 19 anayestahili kufundishwa zaidi shuleni? Mimi namtaja Thaddeus Stevens, mbunge wa Pennsylvania, Marekani. Abraham Lincoln tunamjua. Huyu, aliyekuwa akimhimiza Lincoln asilegeze kamba kuhusu utumwa, wengi hawajamsikia.

Naomba masomo yaanze na doa lake. Mwaka 1821, akiwa wakili kijana mjini Gettysburg, alimtetea mwenye watumwa dhidi ya mama aitwaye Charity Butler, aliyedai uhuru wake na wa wanawe wawili. Sheria ilisema mtumwa akikalishwa Pennsylvania miezi 6 anakuwa huru. Mama alijumlisha vipindi alivyokaa, vikatimia. Stevens akashikilia kwamba lazima iwe miezi mfululizo. Akashinda, na wale watatu wakabaki watumwa. Baadaye alikuja kuwatetea mahakamani watumwa waliotoroka, lakini Charity alikwisha kupoteza kesi yake.

Jambo linalonigusa zaidi ni la 1835. Stevens alizaliwa na mguu uliopinda, baba akawatelekeza, mama akahangaika hadi akamsomesha. Huko Pennsylvania, mzazi asiye na ada alipaswa kwanza kuandikishwa kuwa fukara ndipo mtoto wake asome bure. Sheria ya 1834 ikaleta shule za wote, walipa kodi wakaja juu, na seneti ya jimbo ikapiga kura kuifuta. Stevens akasimama katika baraza la wawakilishi la jimbo akaitetea, na sheria ikapona. Yeyote aliyewahi kutolewa darasani mbele ya wenzake kwa sababu ya ada anaelewa alichokuwa anakipigania.

Mwaka 1838 alikataa kutia saini katiba mpya ya jimbo kwa kuwa iliwanyima Weusi kura. Alipofariki, Agosti 1868, alizikwa Lancaster katika makaburi yasiyobagua rangi. Aliyachagua mwenyewe, na sababu akaagiza ichongwe kwenye jiwe.

Lakini shauri lake kubwa lilikataliwa. Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865), alitaka mashamba ya matajiri wa Kusini waliopigana dhidi ya serikali yataifishwe, na kila familia iliyotoka utumwani ipewe ekari 40. Mwaka 1867 Bunge halikumuunga mkono. Wengi wa watu wale wakarudi kulima mashamba yaleyale, wakigawana mavuno na wenye ardhi.