Mtwara hadi Songea kwa ndege: km 500 za ramani na safari yenyewe

Mkuu uliyeuliza Mtwara hadi Songea kwa ndege ni umbali gani na muda gani: kwa mstari ulionyooka, uwanja hadi uwanja, ni kama km 500. Hapo hakuna ubishi.

Zile "dakika 40" ulizoziona mtandaoni zisahau. Kalkuleta zile hugawa umbali kwa mwendo wa jeti, km 800 kwa saa na ushee, kana kwamba ndege inaanza na mwendo huo tangu ikiwa chini. Mikoani kwetu mara nyingi unapanda pangaboi, ndege ya mapanga, aina ya Q400 au ATR 72. Q400 ikishatulia angani inakwenda kama km 650 kwa saa, ATR 72 kama 500. Ongeza kupaa, kushuka na kuzunguka kutafuta kutua: Q400 ipe saa moja na kidogo, ATR saa moja na robo na zaidi.

Hiyo ni kama ipo ndege inayounganisha viwanja hivyo viwili. Ratiba hubadilika, kwa hiyo muulize wakala swali moja kabla hujatoa hela: "Nashuka Dar au sishuki?" Ukishushwa Dar, umepanda kaskazini km 400 halafu unarudishwa kusini-magharibi karibu km 580. Jumla km 980, karibu mara mbili ya ule mstari wa ramani. Angani si mbaya sana. Siku inaliwa pale JNIA, uwanja wa ndege wa Dar, ukisubiri ndege ya pili. Tena kama tiketi umekata mbili tofauti, mzigo unauchukua mwenyewe, foleni unapanga upya, na ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri.

Mimi nikiambiwa lazima nipitie Dar, napanda basi. Barabara ni kama km 650: Masasi, Mangaka, Tunduru, Namtumbo, Songea, lami tupu. Enzi za vumbi kipande cha Tunduru masika kilikuwa balaa. Siku hizi unatoka alfajiri, jioni umefika. Ila mpiga debe akikwambia masaa saba, mcheke tu. Basi mwisho wake km 80 kwa saa, vijijini 50, na trafiki wa tochi wanajua pa kukaa. Chai Masasi, wali Tunduru, kuchimba dawa porini, hesabu masaa kumi na kuendelea.

Siti nayo ina maana. Unaelekea magharibi, na miezi ya Juni na Julai jua liko kaskazini, yaani upande wa dereva. Kata siti ya upande wa mlango, la sivyo utashinda umeshikilia pazia. Desemba mambo yanageuka.

Na sweta iwe mkononi, usiiweke kwenye buti. Songea iko juu, zaidi ya mita 1,000, na jioni ya Julai utashuka stendi na kishati chako cha pwani.