Kazi ya msimu Unguja: nianzie wapi?

SWALI: Asalaam aleikum mshauri. Niko Chake Chake, nimemaliza mtihani wa kidato cha sita mwezi huu wa Mei. Nataka kwenda Unguja nipate kazi ya haraka mpaka chuo kifunguliwe. Nitafikia kwa mjomba wangu, Jang'ombe. Kuna mtu anataka nimtumie shilingi 30,000 aniingize hoteli moja ya Nungwi. Nimtumie? Na kama si hivyo, nianzie wapi?

JAWABU: Waalaikumu salaam, mdogo wangu. Usimtumie. Kazi yangu ni kuajiri watu wa hoteli, na nafasi ya kukosha vyombo haiuzwi. Anayekudai pesa kabla hujaonana na mwajiri anauza asicho nacho.

Wakati wako lakini ni mzuri. Katika masika hoteli nyingi za ufukweni hufunga au hubaki na watu wachache. Juni zinaanza kuamka, Julai na Agosti zinajaa. Kwa hiyo watu wa msimu wanatafutwa sasa hivi, na nafasi hizo nyingi hazitangazwi kokote. Mkuu wa idara huwageukia vijana alionao: "Huna ndugu yako anayetaka kazi?" Basi anza na waliomaliza skuli yenu miaka iliyopita. Lazima wapo walioko Nungwi, Kiwengwa au Paje. Wapigie kabla hujapanda boti.

Kabla ya boti pia maliza karatasi, maana kuzifuatilia ukiwa Unguja kutakula siku zako bure. Beba kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, barua ya sheha wako (kiongozi wa mtaa), nakala za vyeti, barua ya skuli kuonesha umemaliza na picha za pasipoti. Kwa kazi yoyote inayogusa chakula utaulizwa cheti cha kupimwa afya. Wasifu wako uwe ukurasa mmoja tu, na namba ya simu iandikwe juu kabisa. Hujafanya kazi bado, usijaze maneno.

Hotelini usiende saa moja asubuhi, kila mtu yuko mbioni na chai ya wageni. Fika kama saa nne. Mlinzi wa getini msalimie vizuri, kwani yeye ndiye anayejua nani leo hakuja kazini. Usiombe kuonana na meneja mkuu. Muombe mkuu wa jiko, wa usafi wa vyumba au wa bustani, na useme kazi unayoitaka: kukosha vyombo, kufua, kufagia mwani ufukweni. "Kazi yoyote" ni jibu linalomchosha anayekusikiliza. Mapokezi usitarajie bila ya uzoefu, ingawa ukijua Kiingereza kizuri, au Kitaliana kidogo, sema mapema.

Sasa jambo ambalo vijana wengi hawaliulizi: utalala wapi? Mjini hadi Nungwi ni kama kilomita 60. Daladala namba 116 itakufikisha asubuhi, lakini zamu ikimalizika saa nne za usiku utarudi na nini Jang'ombe? Uliza kama kuna nyumba ya wafanyakazi au gari ya kuwarejesha mjini, na kama chakula kimo. Mshahara mdogo wenye malazi unaweza kukuachia zaidi kuliko mkubwa unaoishia kwenye kodi ya chumba. Mimi ningekataa kazi ya ufukweni isiyo na malazi wala gari, hata kama jina la hoteli linavutia.

Ukingoja simu za hoteli, usikae barazani. Kwenye ujenzi, saidia fundi wanachukuliwa asubuhi na mapema na mara nyingi hulipwa jioni ile ile. Upande wa Fumba majengo hayakatiki. Malindi, Mwanakwerekwe na Jumbi kuna kupakua mizigo na kusukuma rikwama. Ni kazi ya mgongo, lakini nauli ya kesho haikosi. Dukani Darajani ni hesabu nyengine: mwenye duka hamuachii droo mtu asiyemjua. Hapo anayekuombea ni mjomba, na wenye maduka pale wengi ni Wapemba wenzenu, kwa hiyo mwache aulize. Upapasi wa kuwatembeza wageni Mji Mkongwe usiuguse. Utembezaji unataka leseni ya Kamisheni ya Utalii.

(Na karafuu zikiwa zimezaa kwenu mwaka huu, piga hesabu kabla ya kukata tiketi. Mchumaji hulipwa kwa pishi na analala kwao.)

Kuhusu malipo: kibarua cha siku patana kabla hujashika kitu, ni kiasi gani na kinalipwa saa ngapi. Ukiwekwa mwezi baada ya mwezi, dai mkataba wa maandishi na uulize kuhusu michango ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar. Huku tunafuata Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, siyo ile ya Bara, kwa hiyo ushauri wa rafiki aliyeko Dar es Salaam usiuchukue moja kwa moja. Siku ulizofanya ziandike kwenye daftari, na ahadi ya malipo uipate hata kwa ujumbe wa simu. Ukidhulumiwa, hivyo ndivyo vitu utakavyokwenda navyo Kamisheni ya Kazi.

Mwisho, mkuu wa idara akikuuliza utakaa mpaka lini, mwambie tarehe ya kweli. Anayeahidi kumaliza Septemba na akamaliza huchukuliwa kabla ya anayesema "nipo tu", na Disemba, ukiwa likizo, simu inaweza kutoka kwao.