Fundi Anajibu: Kozi hazikutani kwenye mwanya

Shikamoo fundi. Nimenunua nyumba mpya Leicester, Uingereza. Ukuta wa mbele una mwanya wima uliojazwa kitu kama mpira, na kozi (mistari ya tofali) za kushoto zimepanda karibu nusu ya kimo cha tofali kuliko za kulia. Nyumba inapasuka?

Marahaba. Mwanya wenyewe si ufa. Tofali la kuchoma likishatoka tanuruni hunywa unyevu na kuvimba polepole, wala halirudi nyuma. Jua nalo hulitanua. Kwa hiyo ukuta mrefu huko huachiwa nafasi ya kupumulia, kwa kawaida kila mita 12 au pungufu.

Kozi kupishana ndiyo aibu ya waashi. Tofali la huko lina kimo cha milimita 65, mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga unaoshika tofali) milimita 10, hivyo kozi nne ni sentimita 30 kamili. Upande mmoja ukijengwa leo na mwingine wiki ijayo, bila uzi mmoja kuvuka mwanya, kila mwashi anafuata jicho lake. Mota ikizidi milimita 2 tu, kozi ya 15 imeshapanda sentimita 3.

Piga magoti uangalie kozi ya chini kabisa. Zikikutana huko na tofauti ikakua kadiri unavyopanda, ni kosa la kipimo tu. Lakini kama zinapishana tangu chini, na milango imeanza kukwama, ita mhandisi aangalie msingi. Vyovyote iwavyo, piga picha yenye futi ya kupimia ukutani, mwandikie mjenzi mapema: dhamana nyingi za nyumba mpya huko humbana yeye miaka 2 ya mwanzo.

Mjenzi anataka kuujaza mwanya kwa mota ili ukuta uonekane mmoja. Nimruhusu?

Thubutu! Mota ni ngumu. Tofali likisukuma litapasuka pembeni yake. Humo huingia sponji laini, na juu silikoni.

Fensi yangu Dodoma ni ya tofali za saruji, mita 18. Fundi anasema mwanya ni mambo ya Wazungu.

Mwambie tofali la saruji halivimbi, linasinyaa likikauka, na hilo halichagui mtu. Acha mwanya kila mita 6 hivi, ubavuni mwa nguzo. Uzi uvutwe mmoja kutoka kona hadi kona.

Naweza kuficha kozi zilizopishana kwa bomba la mvua?

Unaweza. Vibano vyake vyote vifunge upande mmoja wa mwanya.