Nairobi hadi Ziwa Magadi kwa gari dogo: inawezekana, ila tokeni mapema

Umeuliza kama wewe na rafiki yako mnaweza kwenda Ziwa Magadi kwa gari dogo na kurudi Nairobi siku hiyo hiyo, na kama kuna cha kuona huko zaidi ya chumvi. Yote mawili, ndiyo. Mimi nimeenda na swahiba wangu, mwalimu wa baiolojia, mzaliwa wa Limuru asiyelizoea joto kabisa, na hadi leo tukikutana mazungumzo hayaishi bila kuitaja Magadi.

Tokeni saa 11 alfajiri. Hilo ndilo kubwa kuliko yote nitakayosema. Magadi ipo kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, na ikifika saa sita mchana hata kushuka garini ni kazi. Jazeni tangi Kiserian na mnunue maji hapo. Chupa mbili hazitoshi; bebeni jerikeni, maana mtahitaji ya kunywa, ya rejeta na ya kunawa miguu. Spea na jeki zikaguliwe kabla ya safari.

Baada ya Kiserian mtafika Kona Baridi, na upepo wa hapo utawaeleza wenyewe kwa nini inaitwa hivyo. Simameni. Bonde lote linafunguka mbele yenu. Kutoka hapo barabara inashuka tu, masikio yanaziba, sweta zinavuliwa, miti inapungua mpaka mnabaki na miiba, vumbi na mbuzi wa Wamaasai. Ni lami hadi mjini Magadi, ingawa mashimo yapo, kwa hiyo gari dogo linafika bila shida mkienda polepole.

Njiani kuna Olorgesailie, eneo la zana za mawe za kale; wengi hulipita bila hata kugeuza shingo, na hilo huniuma. Ni kama kilomita 65 kutoka Nairobi, chini ya Makumbusho ya Taifa. Wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walianza kuchimba hapo miaka ya 1940, na shoka za mawe zimeachwa pale pale zilipofukuliwa, nyingi ajabu, nawe unazipita juu kwenye daraja la mbao. Zilichongwa na watu walioishi kando ya ziwa lililokauka zamani sana. Ukiyaona hayo kwanza, Magadi utaitazama kwa jicho lingine.

Ziwa lenyewe halina mto wa kutoka. Hulishwa hasa na chemchemi za moto zenye magadi, jua hunyonya maji, magadi yakabaki yamegandamana tabaka juu ya tabaka. Sehemu nyingine ni nyeupe hadi macho yanauma, nyingine ni za waridi kwa sababu ya vijidudu wanaopenda chumvi kali. Kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911, na reli ikajengwa kutoka Konza. Magadi hayo huenda kwenye viwanda vya vioo na sabuni. Mji wote umesimama juu ya kazi hiyo, basi muwe na adabu, msiingize kamera kwenye shughuli za watu bila kuomba.

Chemchemi ziko upande wa kusini, na njia ya huko si ya lami. Mchukueni kijana wa pale awaongoze na mkubaliane bei kabla ya kuondoka. Wa kwetu alimwambia mwenzangu neno moja nililolishika: "Mwalimu, gari lisikanyage hapo peupe. Juu ni kugumu, chini ni tope." Kama mvua imenyesha karibuni, acheni gari dogo mjini mtafute lenye magurudumu ya juu.

Hapo chemchemini ndipo mngetumia muda mrefu kuliko kwingine kote. Maji yanapotoka ardhini katika baadhi ya chemchemi yanapita nyuzi 80, msiyaguse kwa kujaribu. Lakini kwenye vidimbwi vilivyopoa kiasi wanaishi tilapia wadogo wasiozidi kidole. Mwalimu alichuchumaa pale hadi nikamletea kofia. Akanieleza kwamba samaki wengi hutoa taka mwilini kwa njia ya amonia kupitia matamvua. Katika maji makali namna hii amonia haitoki vizuri, kwa hiyo hawa hutengeneza yurea, kama binadamu.

Flamingo mtawaona pia. Mwaka 1962, Ziwa Natron, jirani yake upande wa Tanzania, lilipofurika, walihamia Magadi kuzaliana kwa wingi mno, na magadi yakaganda kwenye miguu ya vifaranga mithili ya pingu. Watu walijitolea kwenda kuzivunja, na maelfu ya vifaranga wakapona. Kwa hiyo msiwakimbilie kwa ajili ya picha. Wanahitaji utulivu wakila.

Kurudi, ondokeni ziwani saa 9 alasiri, mkichelewa sana saa 10. Giza likiingia, punda na ng'ombe hulala barabarani, taa hakuna, na mtandao wa simu unakatika kwa masafa marefu. Mkiona muda umewatupa, msilazimishe: laleni Olorgesailie, kuna vibanda na nafasi ya kupiga hema. Ila chakula mbebe chenu.