Lebo nzuri kwenye simu, iliyochapwa ina ukungu: jibu kwa dada wa Mwanjelwa

Pole, dada. Umesema lebo za mchele wa Kyela unazochora kwa simu zinatoka kwenye mashine zikiwa na ukungu na kijani kimefifia, na sasa mteja anakutishia kuwa akili mnemba itamfanyia bure.

Ukungu kwanza. Nina hakika unamtumia mchapaji lebo kama picha ya kawaida ya WhatsApp, nayo WhatsApp huibana picha hadi ipoteze ukali. Tuma kama dokumenti, PDF ikiwezekana. Lebo ya upana wa sentimita 10 inahitaji takriban pikseli 1,200 ili ifikie nukta 300 kwa inchi, kiwango cha chapa safi. Nembo yenyewe ichore upya kwa vekta, yaani mchoro usiopoteza ukali hata ukikuzwa. Programu ya Inkscape ni ya bure, ila utahitaji kompyuta, hata ya kuazima.

Kijani hakitatoka vilevile kamwe. Skrini inatumia mwanga, mashine inatumia wino wa rangi nne. Dai nakala moja ya majaribio, mteja aikubali kwa maandishi, ndipo wachape mzigo. Mchapaji anayekataa hilo, mkimbie.

Kuhusu akili mnemba, usishushe bei. Haiendi dukani kupima mfuko, wala haibishani na mchapaji. Hiyo ndiyo kazi unayouza, hata kama wengi wetu tunaisahau kwenye ankara.

Tahadhari: kabla ya kukabidhi nembo, mteja aulize BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama haifanani na alama iliyosajiliwa. Maandishi ya lazima kwenye kifungashio ayathibitishe kwa TBS, Shirika la Viwango, usiyabuni wewe.