Kupima Kiwango cha Dawa Katika Damu ya Mgonjwa wa Saikosisi

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa miaka 21, anayesoma chuo Dodoma mjini, alianza kusikia sauti na kuamini kwamba wenzake wanamfuatilia. Ameandikiwa dawa ya ugonjwa huo wa akili (saikosisi) iitwayo olanzapini, miligramu 10 kila usiku, na hii ni wiki ya sita, lakini sauti hazijaisha. Juzi nikifua nguo zake nilikuta vidonge vitatu mfukoni mwa suruali, anasema alivisahau. Mjomba wake aliyeko Uingereza anasema kiwango cha dawa hupimwa katika damu. Je, tukiombe kipimo hicho kabla dozi haijaongezwa?
Mama, Kongwa

JIBU: Marahaba, mama. Ndiyo, ulizeni, kwa sababu kuongeza dozi kabla ya kujua kama ile ya kwanza inamezwa ni kutibu cheti badala ya mgonjwa. Kipimo hicho hakifanywi katika kila maabara, na hujibu swali moja tu: je, dawa imo mwilini kwa kiasi kinachotosha? Kwa olanzapini, kiwango kinachotarajiwa ni nanogramu 20 hadi 80 kwa mililita.

Namba hiyo hutegemea sana saa. Kijana akimeza kidonge saa 2 usiku, atolewe damu saa 2 asubuhi, tena baada ya kutumia dozi ileile kwa wiki moja au zaidi, kwa kuwa mwili huchukua takriban saa 30 kupunguza nusu ya dawa hii, na kiwango huchelewa kutulia. Saa zote mbili ziandikwe kwenye fomu ya maabara.

Kiwango kikiwa chini, vile vidonge vya mfukoni ndivyo vya kufikiriwa kwanza, ila visiwe peke yake. Moshi wa sigara huchochea ini kuivunja olanzapini haraka, na kabamazepini, inayotumiwa na wagonjwa wengi wa kifafa, hufanya vivyo hivyo. (Anayevuta akiacha ghafla, kiwango hupanda na usingizi humzidi, kwa hiyo daktari aarifiwe.) Mkumbuke pia kwamba aliyeruka dozi kwa wiki kadhaa, kisha akameza vizuri siku chache kabla ya kupimwa, anaweza kuonekana hana kasoro.

Kiwango kikiwa cha kutosha na sauti zinaendelea, hapo kuna sababu nzuri ya kujadili dawa nyingine. Kinyume chake, kijana aliyepata nafuu huku namba ikiwa chini asiongezewe dozi ili kuipendeza maabara, kwani wengi wanaougua saikosisi kwa mara ya kwanza hutosheka na dozi ndogo, na madhara huwapata upesi.

Mimi ningeanza kwa kuzungumza naye kwa upole kuhusu vidonge hivyo, bila kumtishia kwa sindano wala kwa kipimo. Huenda vinamletea usingizi darasani, au amenenepa na anaona haya. Hayo aelezwe daktari wa kliniki anayohudhuria, iwe Mirembe au hospitali ya wilaya, kwani dozi, saa ya kumeza na hata dawa yenyewe vinaweza kubadilishwa. Na kama fedha ni ya kupima kitu kimoja tu, kwa mtumiaji wa olanzapini nisingeacha sukari ya damu, pamoja na uzito, ambao kuupima hakuna gharama.